Nyoka Hana Kope

Gamba la nyoka la kwanza kulishika mkononi lilidondoka kutoka kwenye makuti ya jiko la bibi yangu, Pangani, siku paa lilipokuwa linaezuliwa. Nilikuwa na miaka tisa. Fundi alishuka ngazi bila kuhesabu vipandio, wasaidizi wake wakatawanyika uani, mimi nikajibanza nyuma ya mtungi wa maji. Bibi akaja taratibu, akaliinua kwa vidole viwili kama anayeokota uzi, akalitandaza juu ya mkeka. "Njoo, mke mwenzangu," akaniita. "Mwenyewe kashaondoka. Hii ni nguo yake tu."

Lilikuwa jepesi kama ganda la kitunguu. Nilidhani ananiita nione lilivyo refu, kumbe alitaka nitazame kichwani. Pale palipokuwa na macho vilibaki vijiduara viwili vinavyopitisha mwanga, mfano wa kioo cha saa ya mkononi. "Unaona? Hata jicho kalivua. Nyoka hana kope. Huyu hajui kufumba."

Baadaye sana, nikisoma biolojia, nilikuta kwamba bibi, ambaye darasa lake pekee lilikuwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani, alisema kweli tupu. Jicho la nyoka limefunikwa na gamba moja angavu, lisilofunguka wala kufungwa. Siku chache kabla ya kujivua, gamba hilo huingia ukungu wa samawati. Nyoka huona kwa shida, hujificha, na ukimgusa huwa mkali kuliko desturi yake. Kisha husugua pua yake kwenye jiwe au gogo, ngozi kuukuu ikageuka ndani nje kama soksi, naye akatoka na macho mapya. Hulala pia, maana hakuna kiumbe asiyechoka, ila hulala macho wazi. Ukimkuta amejikunja huna namna ya kujua kama anakuona.

Wengi wanaoandika habari za nyoka katika dini na hadithi za kale huanzia kwenye sumu, au ulimi wenye panda, au kule kutambaa kwa tumbo. Mimi tangu siku ile huanzia kwenye jicho. Kila nilipozidi kusoma nilizidi kukutana na jambo lilelile, kwa watu wasiojuana kabisa: sisi tulikuwa tumelala, na yeye alikuwa macho.

Mara ya kwanza nililisikia Sumbawanga, nilikopangiwa kufundisha nikiwa bado binti. Mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa Mfipa, mtu wa maneno machache. Jioni moja, baridi ya Ufipa ikituunguza masikio, tulikuwa tunaota moto nami nikamweleza habari ya lile gamba la Pangani. Akacheka, akasema hata kwao nyoka anajulikana kwa kutolala. Hapo zamani, akasema, Leza, ndiye Mungu, alishuka duniani akawauliza viumbe wote: "Nani hataki kufa?" Binadamu alikuwa amelala. Simba amelala, swala amelala, ndege wamelala. Aliyekuwa macho ni nyoka peke yake, akajibu upesi: "Mimi." Basi Leza akaenda zake. Ndiyo maana sisi tunakufa, na nyoka hafi mpaka auawe. Kila mwaka anavua ngozi anakuwa kijana.

Nilikuja kuikuta hadithi hiyo katika maandishi ya James Frazer, mtaalamu wa mila na dini za watu, ya mwanzoni mwa karne ya 20. Anasema ni ya Wafipa na Wabende, majirani wa Ziwa Tanganyika. Ameiweka pamoja na nyingine nyingi za namna hiyo kutoka pande mbalimbali za dunia, zote zikieleza jinsi uzima wa milele ulivyomponyoka binadamu ukaangukia kwa mwenye kujivua gamba. Lakini katika maandishi yale imekaa mistari michache tu, kama kipande cha kitu kilichovunjika. Kwa mama yule ilikuwa na kimya chake. Aliposema "binadamu alikuwa amelala" alitazama moto kitambo, na nikahisi kwamba jambo linalomuuma katika hadithi ile si kufa. Kinachomuuma ni kwamba tuliulizwa.

Sasa tazama upande wa pili. Miaka mingi kabla ya hadithi ya Leza kuingia vitabuni, huko Iraki ya leo, watu waliandika kwenye vibao vya udongo habari za Gilgamesh, mfalme wa Uruk. Rafiki yake Enkidu anakufa, naye anashikwa na hofu ya kifo, anazunguka dunia kumtafuta Utnapishtim, mtu aliyenusurika gharika akapewa kuishi milele. Mzee yule anampa mtihani: kama unataka kukishinda kifo, hebu ushinde usingizi kwanza, siku sita na usiku saba. Gilgamesh anaketi, na papo hapo usingizi unamfunika kama ukungu. Mke wa mzee anaoka mkate kila siku na kumwekea ubavuni ili akiamka asije akakataa. Akiamka anakuta mikate saba, wa kwanza umekauka kabisa.

Wanamhurumia, wanamwambia habari ya mmea ulio chini ya maji, unaomrudishia mzee ujana wake. Anajifunga mawe miguuni, anazama, anautoa. Njiani kurudi anaona dimbwi la maji ya baridi, anaingia kuoga. Nyoka ananusa harufu ya ule mmea, anatoka, anaubeba, na wakati anaondoka anaacha gamba lake pale chini. Gilgamesh anakaa kitako analia.

Niliposoma mara ya kwanza nilisimama nikazunguka chumba. Usingizi na nyoka, katika hadithi moja, kama kwa yule mama wa Ufipa! Sidai kwamba mmoja alimwiga mwingine. Nadhani ni kwamba mtu yeyote aliyewahi kumtazama nyoka kwa utulivu, iwe Uruk au Rukwa, ataona yaleyale mawili: ngozi inayoachwa na jicho lisilofumba. Ukishayaona hayo mawili, hadithi inakaribia kujitunga yenyewe.

Wagiriki wa kale walimwita joka drakon, na wataalamu wa lugha hulihusisha jina hilo na kitenzi cha kutazama kwa makini. Kwao joka ndilo lililolinda ngozi ya dhahabu ya kondoo, na lilisifika kwa kutosinzia. Ilibidi lilazwe kwa dawa ndipo ngozi iibiwe. Pwani kwetu kuna methali isemayo: joka la mdimu hulinda watundao. Ndimu hazili, lakini hawaondolei macho wanaozichuma. Huambiwa bahili, au mtu anayebania kisichomfaa. Ni kashfa, lakini hata katika kashfa hiyo nyoka amepewa kazi ileile ya kukesha.

Huko Edeni je? Biblia ya Kiswahili inasema nyoka alikuwa mwerevu kuliko wanyama wote wa mwitu, na ahadi anayompa mwanamke ni kwamba watafumbuliwa macho. Nilikuwa mtu mzima nilipoanza kulisikia neno hilo vizuri. Asiye na kope anawaahidi wenye kope kufumbuliwa. Na kweli wanafumbuliwa, na kitu cha kwanza wanachokiona ni uchi wao. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema nyoka yule ni uongo mtupu toka mwanzo hadi mwisho. Alisema jambo la kweli kwa nia mbaya, na hilo ni baya kuliko uongo, kwa sababu uongo ungekanushwa.

Mimi ni Mwislamu, na watu wengi, hata Waislamu wenzangu, hushangaa nikiwaambia kwamba katika Kurani hakuna nyoka bustanini. Anayewashawishi Adamu na mkewe ni Shetani, na katika Sura Al-A'raf anawanong'oneza wote wawili, si mwanamke peke yake. Nyoka tunayemjua katika kisa hicho, yule aliyembeba Ibilisi kinywani akampitisha mlangoni, ameingia kupitia visa vya Mitume na masimulizi ya wafasiri, na kwa hadithi za mabibi zetu. Nyoka aliyemo katika Kurani ni fimbo ya Musa, iliyotupwa ikawa nyoka anayekwenda mbio, na Musa akaambiwa aishike wala asiogope. Ni nyoka wa haki, tena mbele ya Firauni.

Kuna hadithi nyingine, iliyopokewa na Imam Muslim, mkusanyaji wa hadithi za Mtume, kutoka kwa Abu Said al-Khudri, ambayo bibi aliisimulia kila fundi wa makuti alipokuja. Wakati wa vita vya Handaki kijana mmoja aliyeoa karibuni aliomba ruhusa arudi kumwona mkewe. Akamkuta amesimama mlangoni, wivu ukampanda, akainua mkuki. Mke akamwambia, rudisha mkuki wako, ingia ndani uone kilichonitoa. Ndani, nyoka mkubwa amejikunja kitandani. Kijana akamchoma, akatoka naye uani, na haikujulikana nani alitangulia kufa, nyoka au kijana. Mtume akawaambia watu wa Madina kwamba mji ule una majini waliosilimu, basi wakiona nyoka majumbani wampe onyo siku tatu kwanza. Akibaki baada ya hapo, wamuue.

Ndiyo maana kwetu nyoka aliyeonekana darini hakupigwa siku hiyohiyo. Bibi alisimama mlangoni, ushungi kichwani, akamwambia kwa heshima kama anavyoambiwa mgeni aliyekosea nyumba: "Kama wewe ni mwenyeji wa humu, tuondokee, tuna watoto wadogo." Usiku hatukuruhusiwa kumtaja, tulisema "kamba", wala kupiga mluzi. Na sisi si wa pekee. Huko Nyakach, karibu na Kisumu, Wajaluo wana chatu wao wanayemwita Omieri, na wazee husema akionekana mvua na mavuno yako njiani. Alipotokea tena mwaka 2003, watu wa kijiji walijaa kumtazama, na waliotaka aondolewe walikuta wenyeji hawataki aguswe.

Sisemi haya ili mtu akamshike swila mkia. Sumbawanga nilikuwa na mwanafunzi aliyeumwa usiku, amelala kwenye mkeka chini. Walimwekea jiwe jeusi la nyoka kwenye jeraha, wakafunga mguu kwa kamba, wakasubiri. Alifikishwa kwa daktari asubuhi, akapona, lakini mguu ule haukurudi kama zamani. Jiwe lile halivuti sumu. Ni mfupa uliochomwa tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, wengi wao wakulima na watoto wa vijijini, na ni mwaka 2017 tu ndipo lilipoliweka tatizo hili mbele kabisa miongoni mwa magonjwa ya nchi za joto yaliyosahaulika. Wanaoumwa ni maskini, ndiyo sababu ya kusahauliwa kwao. Hasira yangu juu ya jambo hilo haijapoa.

Na bado nembo ya shirika hilohilo ni nyoka aliyejizungusha kwenye fimbo. Fimbo ni ya Asklepio, mungu wa tiba wa Wagiriki, ambaye katika hekalu lake la Epidauros wagonjwa walilala usiku wakisubiri ndoto ya kuwaponya, na nyoka wasio na sumu wakitembea kati yao. Wagonjwa wamelala, nyoka wako macho, tena. Katika Torati nako, Waisraeli walioumwa jangwani waliponywa kwa kumtazama nyoka wa shaba aliyeinuliwa na Musa juu ya mti. Hawakuambiwa wamguse wala wamwombe. Walitakiwa kumtazama tu, macho kwa macho na kilichowaua. Vizazi vilipopita wakaanza kumfukizia uvumba, na mfalme Hezekia akamvunja vipande. Naona Hezekia alifanya vyema.

Lakini nyoka ninayempenda kuliko wote ni wetu. Kisa cha Hasibu Karimu Dini na Sultani wa Nyoka kilichapwa London mwaka 1870 katika mkusanyo wa hadithi za Unguja wa Edward Steere, aliyeziandika kama alivyosimuliwa na wenyeji. Kinatokana na Alfu Lela u Lela, na huko sultani ni malkia. Uturuki anaitwa Şahmaran, nusu mwanamke nusu nyoka, na katika mji wa Tarsus wenyeji huonyesha hamamu ya zamani wanayosema ndimo alimouawa. Kimesafiri na watu, kikafika kwetu, kikaingia vinywani mwa mabibi, kikawa cha kwetu.

Bibi alikisimulia usiku, taa imepunguzwa utambi, sisi wajukuu sita tumelala ubavu kwa ubavu. "Paukwa!" "Pakawa!" Na kila alipofika mahali pazito alinyamaza, kisha akauliza gizani: "Nani hajalala?" Tukaitika wote.

Hasibu ni mtoto wa tabibu aliyekufa kabla mwanawe hajazaliwa, akamwachia kitabu tu. Kijana hajui kazi yoyote. Anafuatana na wakata kuni msituni, mvua inawakuta, wanajibanza, na yeye katika kugongagonga jiwe anagundua shimo limejaa asali. Wenzake wanaiuza mjini siku baada ya siku. Asali ilipobaki chini kabisa wanamteremsha akaikombe, kisha wanaondoka wamwache, wanamwambia mama yake ameliwa na simba. Shimoni, nge anamdondokea. Badala ya kupiga kelele Hasibu anajiuliza: huyu katokea wapi? Anatafuta, anaona ufa wenye mwanga, anachimba kwa kisu, anatokea upande wa pili, kwenye nchi ya Sultani wa Nyoka.

Nyoka wote wanamjia. Sultani anawazuia, anamkaribisha, anamlisha, anamsimulia mambo ya dunia. Hapo ndipo bibi alipopunguza sauti. Hasibu anataka kurudi kwa mama yake, na Sultani anamwambia: nikikuacha uende, utaniua. Hasibu anaapa. Sultani anasema, basi ukifika usiingie hamamu. Anajua kila kitu. Anajua kiapo kitavunjika, anajua nani atamshika, anajua chungu kitakachompika. Na anamfungulia njia.

Wakata kuni, ambao sasa ni matajiri, wanamrudishia Hasibu haki yake, na miaka inapita. Siku moja mwenye hamamu, rafiki yake, anamshika mkono: ingia uoge, ndugu yangu. Wasikilizaji wa Unguja waliijua hamamu kwa macho yao. Hata leo kuna mtaa wa Mji Mkongwe unaoitwa Hamamni, kwa hamamu iliyojengwa enzi za Seyyid Barghash. Hasibu anavua nguo, na alama iliyo tumboni mwake inamfichua kwamba amewahi kuonana na Sultani wa Nyoka. Mfalme wa mji anaumwa, waziri amesema dawa ni nyama ya nyoka yule. Wanampiga Hasibu mpaka anaonyesha njia. (Gilgamesh naye alipoteza kila kitu akiwa anaoga. Sijui kwa nini maji ya kuogea hututoa ulinzi hivyo, lakini ni kweli, mtu akioga hufumba macho.)

Sultani anatoka mwenyewe. Hakimbii, haumi mtu. Hasibu analia, naye anambembeleza, yeye anayekwenda kuuawa ndiye anayebembeleza. Njiani anamfundisha: wakinichemsha, povu la kwanza ni sumu, waziri atakutaka unywe, usinywe. La pili kunywa wewe, utakuwa tabibu mkubwa. Lililobaki mpe mfalme, atapona. Inakuwa hivyo. Waziri anakufa kwa la kwanza, mfalme anapona, na Hasibu anaipata elimu ambayo baba yake alimwachia kitabuni asiweze kuisoma. Ameipata kwa kumla rafiki yake.

Mwaka 2011, chama tawala nchini kwetu kilipozungumzia kujivua gamba, yaani kuwatoa viongozi wake wanaotuhumiwa ufisadi, mitaani watu walisema nyoka akivua gamba hubaki nyoka. Niliwaelewa. Lakini nilihuzunika kidogo kwa ajili ya neno lenyewe, jinsi lilivyochakaa mpaka likabaki kuwa jina la uchafu. Katika hadithi za bibi kiumbe mwenye gamba hakumsaliti mtu. Binadamu ndiye aliyeapa akavunja.

Nakumbuka usiku wa mwisho niliosikia kisa hiki kutoka kwake. Nilikuwa nimekuja likizo kutoka chuo cha ualimu, binti mkubwa sasa, lakini nikajitupa mkekani na wadogo zangu kama zamani. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na macho yake, kwa mtoto wa jicho, yameingia ukungu wa samawati. Alifika pale Sultani anapotoka nje ya shimo, Hasibu analia. Akanyamaza. Nje bahari ilikuwa inajaa, nikasikia mawimbi, nikasikia pumzi za watoto zimekuwa nzito, mmoja baada ya mwingine.

"Nani hajalala?" akauliza.

Nikasubiri kidogo kama yupo mwingine.

"Mimi," nikasema.